Boriti za Mwadhama

Mwadhama Kardinali Guiscardo, mgeni wetu rasmi; waheshimiwa makanoni, mapadre wa kanisa kuu mliomsindikiza; mafundi seremala; nanyi ndugu zangu wa mtaa huu, mliosimama tangu asubuhi kwa kuwa hatuna viti: karibuni chini ya paa jipya.

Miaka kumi na mmoja kanisa hili limekuwa lake, alilokabidhiwa alipofanywa kardinali, na kila Jumapili mimi paroko wenu nalisoma jina lake hapa. Alitutembelea mara moja. Mvua ilinyesha, tone likamwangukia shingoni, akasema umaskini ni pambo la Kanisa, akapanda nyumbu wake akaenda kula. Nani kati yetu amesahau mahubiri mafupi kama yale?

Mwaka jana makardinali walipofungiwa kumchagua Papa, wakapunguziwa chakula hadi mkate na maji ili wafanye haraka, siku ya tatu Mwadhama alitokeza dirishani akainua mkono. Kumbe anamwita mpishi wake. Sisi, Mungu atusamehe, tulidhani ameshakuwa Papa, anatubariki.

Na desturi yetu Warumi mnaijua: kardinali akiwa Papa, vilivyomo katika nyumba aliyoiacha ni halali ya watu kuvichukua. Kufika adhuhuri kwake palikuwa peupe. Aliporudi, bado kardinali yuleyule, alimwuliza bawabu kitanda kiko wapi.

“Mwadhama,” bawabu akajibu, “tulikuwa tunakupongeza.”

Mimi kitanda sikugusa. Nilichukua boriti thelathini za ukumbi wake wa karamu, na ndizo hizo juu yenu. Nakiri mbele ya wote. Jana nililetewa barua yake: boriti zirudi kabla ya sikukuu ya Mtakatifu Martino, la sivyo nifukuzwe parokia. Nimeogopa, sifichi. Lakini namkumbuka mjane Monna Gemma, aliyemuaga mumewe humu huku akilikinga jeneza na mvua kwa shuka lake mwenyewe. Siku ile nililia kwa hasira.

Mwadhama, unaisikia? Mvua imeanza. Shingo yako, naona, ni kavu. Seremala hawa wana ngazi. Ukitamka neno, watazishusha boriti sasa hivi, wakianzia na ile iliyo juu ya kiti chako.

Unatazama juu. Umenyamaza. Ndugu zangu, mmeshuhudia wenyewe: Mwadhama ametutolea zawadi. Mpigieni makofi upesi.

Ahsanteni kwa kunivumilia. Nawe, Mwadhama, ahsante kwa paa.