Sahani ya Mwalimu Rosaline Nyaruai

Baada ya miaka ishirini na tisa ya kufundisha hisabati, minane ya kwanza Kitale na mingine yote hapa chuoni kwetu Bungoma, Mwalimu Rosaline Nyaruai atastaafu Ijumaa, tarehe 30 Novemba 2007. Bwana asifiwe kwa kutuachia mtu huyu muda wote huo.

Mwalimu alizaliwa mahali paitwapo Kwanza, karibu na Kitale, kwa wakulima wa mahindi. Wanafunzi humwita Mama Sahani na wanadhani hajui. Anajua sana! Tangu Kitale huchora duara kwa sahani ileile ya bati, ya buluu, na akichelewa kuitoa mkobani darasa humuuliza kama leo watalala njaa. Huwajibu kwamba sahani hiyo haijawahi kupakuliwa kitu ila hesabu, ndiyo maana haioshwi.

Mwaka 2003 aliniletea mimi Nabwile, mpiga chapa wa chuo, tasnifu yake ya uzamili, kazi ya Jumamosi za miaka sita. Alinieleza kwa sahani. Ndani ya duara kuna mambo laini, yanayobadilika bila kukatika. Njia moja ya hesabu huuliza yanabadilika kwa kasi gani kila mahali. Nyingine hukusanya kasi hizo na kuyarudisha yalivyokuwa. Yeye alichunguza njia hizo zinayafanyia nini, lakini ndani tu. Ukingo hagusi, maana huko mengine hupanda bila kikomo. Niliitikia kwa kichwa kama mtu aliyeelewa.

Kumbe! Mwalimu alikuwa ameandika kwenye karatasi za mistari, na alama zake za "ndogo kuliko" zilikaa juu ya mstari. Taipureta haina alama hizo, nikazichora kwa kalamu, na kila moja nikaipa kistari chini yake kama nilivyoiona. Mia moja na kumi na nne! Kistari hicho husema "ndogo au sawa", yaani umbali kutoka katikati waweza kufika ukingoni penyewe, na hivyo nikauingiza ukingo katika kazi nzima. Wasahihishaji wakairudisha: hoja kuu si kweli. Alipewa siku kumi na mbili. Zikipita, miaka sita imepotea.

Nililia palepale ofisini. Mwalimu akacheka, akasema nimekuwa mkarimu mno, nimewapakulia watu hadi ukingoni. Halafu akavuta kiti. Kila jioni baada ya masomo tulifuta vistari kwa wino mweupe, yeye akihesabu, mimi nikiomba kimoyomoyo. Ndung'u wa maktaba alikuwa akichungulia dirishani, ati bado tunaosha vyombo?

Siku ya kumi na moja kazi ikatumwa. Katika barua yake kwa wasahihishaji aliandika kwamba kosa ni lake, kwa kuwa hakuipitia kazi kabla ya kuitia sahihi. Jina langu hakulitaja humo. Alilitaja kwenye ukurasa wa shukrani, na hapo nililia tena.

Alifaulu, Mungu ni mwema. Leo walimu aliowafunza wako Chwele, Mabanga na kwingine, na wengi wao, nasikia, wana sahani.

Anarudi Kwanza kulima, na shamba, anasema, atalilima mpaka ukingoni kabisa.

Asante, Mwalimu. Mungu akupe afya, mvua kwa wakati na miaka mingi ya kucheka. Sahani uliyoniachia iko mezani kwangu, na sijaiosha.