Moyo wa Somo la Saba

Marehemu alizaliwa tarehe 14 Machi 1958, mtoto wa tatu wa mkunga na fundi cherehani. Akiwa na miaka sita alikuwa akichukua stetoskopu ya mama yake kwa siri na kujisikiliza kifuani. Dada yake mkubwa alimtania kwamba anahakikisha kama bado yupo.

Alimaliza sekondari mwaka 1976 na kupata shahada ya udaktari mwaka 1984. Wenzake walijifunza mapigo kwa wagonjwa. Yeye alianza na moyo wake mwenyewe, akaufanya kipimo cha mingine yote.

Tarehe 12 Desemba 1987 alifunga ndoa na mwalimu wa historia, ambaye ndiye aliyeandika wasifu huu.

Alifundisha chuo cha udaktari kwa miaka thelathini na moja. Mwaka 1999, wanafunzi walipozidi na wagonjwa wa kuwafundishia wasitoshe, alianza kutengeneza masomo ya kompyuta yenye picha zinazotembea, sauti na maswali. Alirekodi Jumapili mchana katika chumba cha nyuma, madirisha yakiwa yamefunikwa blanketi. Watoto walimwita Mzee Shii. Katika somo la tatu, hadi leo, unasikika mfuniko wa sufuria ukianguka, naye anasema kwa upole, "Samahanini, huyo ni mke wangu." Alikataa kufuta sehemu hiyo.

Somo la saba lilihitaji sauti ya moyo mzima, usio na ugonjwa. Alibandika kinasa sauti kifuani mwake. Kwa miaka kumi na minane, wanafunzi walijifunza moyo mzima kwa kuusikiliza wake.

Februari 2017 alianguka kwenye ngazi za chuo. Daktari kijana aliyekuwa mwanafunzi wake alimpima, akatabasamu.

"Mwalimu, uko sawa kabisa. Ni ule ule wa somo la saba."

Marehemu alifunga vifungo vya shati, akaenda mwenyewe kuomba kipimo cha picha ya moyo. Valvu moja, mlango wa damu ndani ya moyo, ilikuwa na kasoro tangu kuzaliwa. Ule mvumo mdogo kati ya mapigo, aliouzoea tangu utotoni, ulikuwa ugonjwa.

Imenong'onwa kwamba alijua akaficha. Hakujua. Alipojua, hakuficha hata siku moja. Daktari wa upasuaji alimwonya kuwa anachelewa. Alijibu kwamba kuna waliocheleweshwa zaidi yake. Kwa miezi saba aliwaandikia wahitimu 1,140, akiwasihi wawaite tena wagonjwa wenye mvumo kama huo ambao wao waliwaambia ni wazima. Ni wangapi hawakupatikana, hakuna ajuaye. Swali hilo lilikaa naye mezani kila asubuhi, chai ikipoa. Kisha alirekodi upya mwanzo wa somo: "Huu ni moyo wangu. Niliuita mzima. Sikilizeni tena."

Alipasuliwa Oktoba 2017, lakini moyo ulikuwa umechoka. Alifariki Jumatatu, tarehe 3 Juni 2019, saa nne na dakika ishirini asubuhi, mkono wake ukiwa mkononi mwa mkewe.

Ameacha mjane, mabinti wawili, mtoto wa kiume, wajukuu wanne na dada yake mkubwa.

Mkuu wa chuo ameuliza kama somo la saba lifutwe ili kulinda heshima ya familia. Mjane amemjibu kwamba heshima ya familia imo ndani ya somo hilo. Kwa hiyo Jumatatu ijayo saa mbili asubuhi wanafunzi watavaa visikilizio masikioni, na moyo tunaouzika leo utaanza kupiga.

Mungu ampe amani, hata katika saa ambazo tutakuwa tukimsikiliza.