Pete ya Silinda ya Tatu

Nimesimama kutoa ushuhuda, ndugu zangu. Mniwie radhi nikishikilia hiki kiti. Wengi hapa Kawangware mnanijua kama fundi wa injini. Leo mnijue kwa jambo nililolificha. Sitataja jina la mtu, maana mkosaji ni mmoja na ndiye mnayemtazama.

Wakati huo nilikaa Gatwekera, huko Kibera, na kufanya kazi Laini Saba, kwenye banda la mabati kando ya reli. Mzee mwenye banda alinikabidhi injini ya dizeli kutoka ziwani, ya boti inayovusha watu kwenda visiwani siku za soko. Ilikuwa ya kwanza kwangu kuifungua na kuifunga peke yangu. Mwenye boti, mama mjane, aliileta kwa lori, akafikia kwa dada yake pale pale Kibera. Kila asubuhi alikuja kukaa kwenye benchi letu na ufumaji wake, akiniita "nyathina", yaani mwanangu.

Nisikilizeni kwa utaratibu. Katika injini ile kila silinda ina lina, bomba nene ambamo pistoni hupanda na kushuka. Maji ya kupoza huzunguka nje ya lina, na chini kuna pete ya mpira inayozuia maji yasishukie kwenye oili. Nilikuwa na pete nne mpya. Ya tatu ikakatika nikiivisha. Ilikuwa Jumamosi alasiri, maduka ya spea kule Grogan, mjini, yamefungwa. Nikaangalia kulia na kushoto, nikainama kwenye karai la vyuma vikuukuu, nikatoa pete ya zamani, nikaifuta, nikaipaka sabuni, nikaivisha. Nikajiambia, itashika.

Jumatatu tukaiwasha. Ilinguruma vizuri mpaka mama akapiga vigelegele. Jumanne nilifika kabla ya wengine, nikafungua mfuniko wa maji. Yamepungua. Nikavuta dipstiki, kile chuma chembamba cha kupimia oili. Oili ilikuwa rangi ya chai ya maziwa.

Ndugu zangu, nawaambia, chai hiyo ukipewa hotelini utashukuru. Kwenye injini ni kifo. Oili yenye maji hailainishi kitu. Beringi husagika, injini hukwama. Na ziwani hakuna kando ya barabara pa kuegesha.

Nyuma yangu nikasikia, "Nyathina, iko sawa?"

Nikafuta dipstiki haraka kwa kitambaa. "Iko sawa kabisa, Mama."

Nikabadilisha oili, ikaonekana safi. Siku hiyo sikula.  Kila nikifumba macho naona boti imesimama katikati ya maji, injini kimya, watoto wanamtazama nahodha. Halafu najijibu: labda ni gasketi, ile karatasi ya kuziba chini ya kichwa cha injini. Labda ni maji yaliyobaki tulipoosha. Woga ni wakili hodari, wenzangu, hashindwi na kesi.

Jumatano watu wa mkokoteni wakaja. Tukaipakia, nikaisindikiza kuelekea lori, Mama akitembea kando yangu.

"Kule watu wanaogopa injini iliyofunguliwa," akasema akicheka. "Nimewaambia mimi ndiye nitapanda kwanza, na wajukuu wangu wote. Fundi ni mtu wetu."

Nikasimama. Nikaushika mkokoteni. "Rudisheni."

"We fundi, umerogwa?" mmoja akafoka. "Jasho lote hili!"

"Rudisheni. Inavuja."

Angalieni, hata hapo sikuwa nimesema ukweli wote. Nilisema inavuja. Sikusema wapi.

Mzee akavua koti. "Haya, tuitafute." Akaanza na kifaa cha kupoza oili, ambacho pia hupitiwa na maji. Akakizamisha kwenye karai la maji, akakisukumia hewa kwa pampu ya baiskeli. Niliomba kimoyomoyo nione povu. Halikutoka hata kidogo. Akaondoa kichwa cha injini, akaikagua gasketi kwa kidole, polepole, kila tundu. Nzima. Kisha akafungua sampu, lile bakuli la oili la chini, akatandaza gazeti chini ya injini, akaziba matundu ya pembeni na kuujaza mwili wa injini maji mpaka juu.

"Kichwa hakipo," akasema. "Likianguka tone, limepita kwenye lina. Tungoje."

Mama akasogeza benchi. Tukainama wote. Nilitazama mahali pamoja tu. Gazeti lilikaa kavu muda mrefu, mpaka nikaanza kuamini nimeokoka. Kisha, ta. Tone moja, chini ya silinda ya tatu.

Mzee hakunitazama. "Hii lina ina nini?"

Hapo ndipo nilipofika mwisho wangu. Nikasema yote: pete, karai, sabuni.

Mama akanigeukia. "Kwa hivyo jana, ulipofuta kile chuma?"

"Nilikuwa naficha, Mama."

"Na mimi nilidhani wewe ni mtu msafi."

Akabeba benchi, akaenda kukaa upande wa mzee.

Tulivisha pete mpya zote nne, tukaiacha na maji siku mbili, gazeti likabaki kavu. Tukaifunga, tukaiwasha, kisha tukaizima na kuiacha usiku kucha. Asubuhi dipstiki aliivuta Mama mwenyewe. Akaondoka akiniita fundi, basi. Wiki mbili nilisimama kwenye kioski kila saa ya taarifa, nikisikiliza redio, nikiogopa kusikia habari ya boti.

Kisha mtu wa lori akaleta mfuko wa omena, dagaa wa ziwani. "Umetoka kwa yule mama. Amesema, mwambie nyathina tumevuka."

Namshukuru yeye. Namshukuru mzee, ambaye hakunifukuza, na wale wa mkokoteni waliorudi wakinitukana, lakini walirudi. Kwenu ninyi nina neno moja: ukiona chai kwenye oili yako, usifute. Ita watu waione. Mimi bado naogopa kila injini inapotoka mikononi mwangu. Ndiyo maana siku hizi simvutii mteja dipstiki. Nampa kitambaa, avute mwenyewe, nami nasimama kando nikingoja aseme.