Mbunge Aliyejichagulia Kaburi

ROZA: Haloo? Naongea na nani? Namba hii siijui —

NDALAHWA: Ikulu hapa. Unatafutwa uwe waziri.

ROZA: Baba! Shikamoo.

NDALAHWA: Marahaba, mwanangu. Nimeazima simu ya Kalinga, fundi viatu wa hapa Mwanjelwa. Hapo sokoni Mlandege hamjambo?

ROZA: Hatujambo, ila nina wateja. Mbeya baridi?

NDALAHWA: Jana chai iliganda, nikaila kwa uma. Sikia, nimemaliza kile kitabu cha Stivensi.

ROZA: Stivensi yupi tena?

NDALAHWA: Thadeusi Stivensi! Mbunge wa Marekani, enzi za utumwa. Mguu umepinda tangu kuzaliwa, ulimi wembe. Alipigania watumwa waachwe huru, wapate haki sawa na wazungu. Akisimama bungeni, wenye watumwa wanarukia madirishani —

ROZA: Hiyo ya madirishani umeongeza.

NDALAHWA: Kidogo. Lakini hii imo kitabuni: uzeeni vijana wawili walikuwa wanambeba kwenye kiti. Akawauliza, "Ninyi mkifa, nani atanibeba?"

ROZA: [anacheka] Mzee mkorofi.

NDALAHWA: Hakuoa huyo. Mimi nilioa.

ROZA: Baba, unaumwa?

NDALAHWA: Niache nimalize, dakika za watu hizi. Makaburi ya mjini kwao, mweusi haruhusiwi. Stivensi akakataa kulala huko. Akachagua makaburi madogo, pembeni, yanayopokea kila mtu. Na kwenye jiwe akaagiza waandike kwamba hayuko pale kwa kupenda upweke —

ROZA: Baba mdogo Nashoni amekuja kwako.

NDALAHWA: Juzi. Wameshanitengea pangu pa kuzikwa Usangu, kando ya zizi, kwa heshima zote za mzee wa Kisukuma. Pazuri. Ng'ombe watanikanyaga vizuri tu.

ROZA: Ndiyo mila, baba. Mimi aliponipigia nili —

NDALAHWA: Ulimwambia ni sawa. Najua.

ROZA: Baba, mimi —

NDALAHWA: Mama yako walimkataa palepale. Mhindi hazikwi kwenye boma letu, walisema. Na kaka yake, Kantilal, hakufungua hata mlango wa duka. Tulimzika hapa mjini watu wanne, mmoja mchimba kaburi.

ROZA: Nilikuwa na miaka tisa. Nakumbuka.

NDALAHWA: Ubavuni kwake bado pako wazi. Nimepanda viazi, wasije wakamlaza mtu.

ROZA: Viazi? Makaburini?

NDALAHWA: Vimekubali kweli! Mlinzi akiuliza namwambia ni agizo la jiji. Lakini Roza... siku hiyo mimi sitaweza kusema. Mimi, niliyesema maisha yote. Wataulizwa watoto, na mtoto ni wewe.

ROZA: [mkwaruzo] — tamwambia hapana.

NDALAHWA: Haloo? Mtandao —

ROZA: Nampigia baba mdogo leo hii! Zizini hapana! Utalala na mama!

NDALAHWA: Rudia, panakwaruza.

ROZA: UTALALA NA MAMA! Wateja wote wananitazama sasa!

NDALAHWA: Nilisikia mara ya kwanza.

ROZA: Wewe mzee! Sasa kwa nini —

NDALAHWA: Nyumbani siku hizi hakuna wa kunipigia kelele.

ROZA: Baba. Jumamosi napanda basi, nakuja, nita —

NDALAHWA: Haya, haya, Kalinga ananitolea macho, dakika zina —

ROZA: Baba? Nitapiga kelele siku mbili nzima. Baba? Haloo?