Keki Namba Kumi na Nne: Maisha ya Noreen Edna Pascoe (1938–2019)

Ndugu, jamaa na majirani wa Dimbarra, mimi ni Merrilyn, mtoto wa kwanza wa marehemu, na ninayoyasoma ndiyo aliyoniagiza niyasome. Juzi Mzee Colin Haberfield, mwenyekiti wa maonyesho yetu ya kilimo, alikuja nyumbani kunisihi niyapunguze. "Merrilyn, yaliyopita si ndwele," alisema. Nikamjibu, "Hili halijapita, mzee. Linakaa mtaa wa pili." Basi sikupunguza kitu.

Mama yetu alizaliwa tarehe 9 Juni 1938 kwenye shamba la ngano la wazazi wake, Percy na Edna Treloar, nje kidogo ya mji huu. Miaka mitatu baadaye akazaliwa mdogo wake wa pekee, Valda. Mama ndiye aliyembeba, akamfunga kamba za viatu na kumpigania shuleni. Bibi aliwafundisha wote wawili kuoka kwenye jiko moja la kuni, na sheria yake ilikuwa moja: keki ya matunda haipozwi juu ya waya, hulazwa juu ya taulo, ili chini isibaki na alama. Ishikeni hiyo sheria, nitairudia.

Alisoma hapa Dimbarra, kisha shule ya upili mjini Horsham hadi mwaka 1953. Mwaka uliofuata aliajiriwa posta kuunganisha simu, akafanya kazi hiyo hadi mitambo ilipoanza kujiunganisha yenyewe. Wazee mtakumbuka jinsi mtu alivyoomba kuunganishwa na daktari akaambiwa, "Daktari hayuko zahanati, yuko kwa kinyozi. Ngoja nikupe huko." Alijua nani kampigia nani na kwa nini, lakini hakuna aliyewahi kusikia neno kutoka kwake. Kunyamaza alikujua vizuri, na mbele ya safari kulimponza.

Tarehe 12 Machi 1960 alifunga ndoa na baba yetu, Clarrie Pascoe, fundi seremala. Mama mdogo Valda alikuwa mpambe wake na ndiye aliyeoka keki ya arusi. Tulizaliwa wawili, mimi na mdogo wangu Graeme. Baba alitutoka mwaka 2004.

Kuanzia mwaka 1975 mama alisimamia meza za keki kwenye maonyesho ya kila Oktoba. Mnajua wenyewe mji huu unavyozichukulia keki. Anayeshinda keki ya matunda miaka mitatu mfululizo huchukua kombe likawa lake moja kwa moja. Mwaka 1987 mama mdogo Valda alikuwa ameshashinda mara mbili mfululizo.

Mwaka huo baba alikuwa amemtengenezea mama kabati jipya lenye rafu za wavu wa waya, ili keki zipate hewa usiku wa kuamkia mashindano. Keki zilipokewa kwa namba tu, bila majina. Keki namba kumi na nne ilikuwa na brandi nyingi hadi sahani yake ya karatasi ikalowa. Mama akaitoa sahani, akailaza keki juu ya wavu mtupu, akafunga kabati.

Asubuhi jaji wa kutoka nje akapiga simu kuwa anaumwa, na kamati ikamwomba mama aamue yeye. Aligeuza keki moja moja. Alipoigeuza namba kumi na nne akaona mistari ya waya, akaiondoa mashindanoni, maana kanuni za maonyesho nazo zinakataa keki yenye alama chini. Majina yalipofunuliwa, ilikuwa ya mdogo wake. Mama mdogo alisema mbele ya ukumbi mzima kwamba aliipoza juu ya taulo kama walivyofundishwa. Watu wakacheka. Mama akasema uamuzi wa jaji ni wa mwisho.

Jioni hiyo, akisafisha kabati, aliuona wavu na akakumbuka mkono uliotoa ile sahani. Alijua siku ileile. Hakusema. Yeye aliyewakatalia watu rufaa miaka yote aliona haya kurudi nyuma kwa ajili ya ndugu yake, na kadiri siku zilivyopita ndivyo neno lilivyozidi kuwa zito. Mimi mwanawe namkasirikia kwa hilo hata leo, na najua hakutaka nilifiche.

Dada hao wawili wakaishi kwenye mji wenye duka moja la mikate kwa zaidi ya miaka thelathini, mmoja akivuka barabara akimwona mwenzake. Mama mdogo hakuoka tena kwa ajili ya maonyesho.

Januari 2019 mji ulimchagua mama kuwa raia bora wa mwaka. Kwa desturi yetu, aliyepata medali mwaka uliotangulia ndiye humvalisha anayefuata, na mwaka uliotangulia ilikuwa ya mama mdogo, kwa kuwapelekea wazee chakula. Mlikuwepo kwenye nyasi za ukumbi. Mliona alivyosimama na ile medali mkononi, hadi Mzee Colin akakohoa kwenye kipaza sauti. Mliyoyakosa niliyasikia mimi niliyekaa mbele.

"Chini ya keki yangu palikuwa safi, Noreen."

"Najua," mama akasema.

Mama mdogo akamvalisha medali, akashuka, akaenda zake bila kugusa hata soseji zilizochomwa kwa ajili ya wageni. Na mama, kipaza sauti kikiwa mbele yake, akaishukuru kamati. Ndani ya gari aliniambia, "Nimesema nusu. Nusu nyingine inawataka wote, maana aibu aliipata mbele ya wote." Akaweka nia ya kusema kwenye maonyesho.

Lakini moyo wake ulikuwa ukichoka, na hilo nalo alilificha. Mficha maradhi kifo humuumbua. Alilazwa mwishoni mwa Agosti mwaka huu, akafariki tarehe 3 Septemba 2019 alfajiri, mimi na Graeme tukiwa kando yake. Maonyesho ya Oktoba hakuyafikia, na mzigo akaniachia mimi.

Kombe la keki ya matunda lilibaki chini ya uangalizi wake, kwa sababu tangu hapo hakuna aliyeshinda mara tatu mfululizo. Mzee Colin anasema ni mali ya chama mpaka apatikane mshindi wa namna hiyo. Sawa, mzee. Alipatikana mwaka 1987.

Marehemu ameacha watoto wawili, wajukuu watano, kitukuu mmoja, na mdogo wake, Valda Kuhne, mshindi halali wa mwaka huo.

Mama mdogo, nimeandika haya bila kujua kama utakuja. Kombe lako liko juu ya jeneza, mahali pa maua. Wabebaji wameombwa wasiliinue jeneza likiwa na kombe juu yake, na hakuna mwingine ila wewe anayeruhusiwa kuligusa kombe hilo. Mama alisema, "Asipokuja upesi, niacheni hapo kidogo. Yeye nilimsubirisha zaidi."

Kwa hiyo ninakaa, na sote tunasubiri. Ukishalichukua, ndipo mama yetu apumzike kwa amani.