Nani Atamfungulia Seikichi

Wafiwa wenzangu, majirani wa kichochoro chetu, na nyinyi mafundi mlioacha kazi leo, anayewasomea ni mjukuu wangu Haruyo, lakini maneno ni yangu mimi Oito, mke wa marehemu, naye nimemkataza kuyapamba.

Marehemu Tokuji Morinaka alizaliwa tarehe 14 Machi 1905 mjini Sakai, mtoto wa kwanza wa mhunzi wa vipuri vya baiskeli, akafuatiwa na mdogo wake Seikichi, na shule aliisoma palepale Sakai hadi mwaka 1917, ingawa mama mkwe wangu alizoea kusema, "Huyu hakusoma, kila daftari kalijaza magurudumu."

Mwaka 1928 ndugu hao wawili walihamia Osaka, wakafungua karakana kando ya mfereji, wakawa wanaunda magari ya kupelekea mizigo madukani, gurudumu moja mbele na mawili nyuma, injini ya silinda moja chini ya tandiko, usukani kama wa baiskeli, na cheni ndefu ya kuzungusha ekseli ya nyuma, magari ambayo dereva aliyapanda kama farasi, mapaja yakiungua huku mgongo unaganda, na ambayo asubuhi za baridi yalipigwa kiki mpaka mtu atukane. Mjaribu magari alikuwa Seikichi, na kila alipokaribia nyumbani cheni ilimtangulia, kra-kra-kra, nami nilipoolewa tarehe 3 Novemba 1931 nilijifunza kupakua wali kwa sauti hiyo, akiingia ananitania, "Shemeji, leo umepika au umeunguza?" namjibu, "Kaa ule, moshi umekuja nao wewe."

Mwanzoni mwa mwaka 1933 mfanyabiashara mmoja wa sosi ya soya alitaka gari lake libebe mapipa zaidi, marehemu akairefusha bodi kwa nyuma bila kuisogeza ekseli, Seikichi akalizunguka akasema, "Kaka, mkia umezidi, pua itapaa," mume wangu akamjibu, "Ikipaa iinamishe, si una uzito wa kula bure," tukacheka sote. Tarehe 21 Februari, Seikichi akipanda nalo lile daraja lenye mgongo, mapipa yalivuta nyuma, gurudumu la mbele likanyanyuka, usukani ukawa unageuza hewa, akaingia mferejini pamoja na gari.

Siku ya kumzika, jeneza lilipotoka, bakuli lake la wali lilipaswa kuvunjwa mlangoni, ajue kwamba hapa hana chakula tena, asirudi, lakini mama mkwe alilikumbatia kifuani akasema, "Msilivunje, mwanangu amechelewa tu," na hakuna aliyethubutu kumnyang'anya.

Tulijaliwa watoto wawili, Kinue mwaka 1934 na Eizo mwaka 1937, na miaka hiyo marehemu alifanya kazi kama mtu anayekimbizwa, akaisogeza ekseli nyuma, akaitupa cheni, akaweka shafti, akaweka na difu ili magurudumu ya nyuma yasivutane kwenye kona, hata kufikia mwaka 1936 karakana yetu haikuwa na gari la cheni hata moja. Mwaka uliofuata jirani yetu Bi Otsune alimsimamisha kichochoroni, "Bwana Morinaka, hebu litie mafuta lile gari lako la cheni, kila asubuhi linapita hapa likilia kama limenyimwa kula," naye akajibu, "Samahani mama, nitalitia," akaingia ndani akaketi kwenye mkeka na viatu miguuni, jambo ambalo sikuwahi kumwona akilifanya.

Tangu hapo, wakati wa chakula cha asubuhi, alikuwa akiweka vijiti chini, anakwenda kufungua mlango, anasimama kidogo, anaufunga, nasi tulizoea kutomuuliza. Mama mkwe alipofariki mwaka 1942 nilimwambia, sasa tulivunje hilo bakuli, akanijibu, "Nilimpandisha gari lile, halafu nimnyime na wali?" na nyumba ilipoungua Machi 1945 kitu pekee alichotoka nacho ni hilo bakuli.

Mapafu yalianza kumsumbua Oktoba 1967, akalazwa hospitali hapahapa Osaka, akafariki tarehe 9 Februari 1968 saa za asubuhi, na hakuniuliza habari za karakana wala za kaburi, aliniuliza tu, "Oito, nikiondoka, nani atamfungulia?"

Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliomsaidia kuvuta pumzi, majirani waliotupikia, na mafundi waliomwita baba.

Na wewe baba Kinue, swali lako nilikuwa sijalijibu. Leo asubuhi niliisikia cheni, nikafungua mlango mwenyewe, nikasema, "Ngoja kidogo shemeji, kaka yako anavishwa viatu vya safari, leo mtaondoka pamoja." Bakuli lako na lake nimeyaweka hapa kizingitini, nyote mmekwisha kula, jeneza likitoka nitayavunja yote mawili, wala kesho asubuhi sitafungua.

Pumzikeni kwa amani, wewe na mdogo wako.