Kwa Nini Mipira ya Machage Inapasuka

Benchi lenyewe ni ubao uliolazwa juu ya vipande viwili vya mwamba, kando ya karasha la Waitara, mashine ambayo wachimbaji wa Nyamongo huletea mawe yao yasagwe, dhahabu itafutwe. Mashine ikizimwa saa nne asubuhi ipoe, Mwajuma hutua birika lake la kahawa, na hapo mazungumzo huanza bila mwenyekiti. Mwaka ule watu walikuwa wamemiminika kutoka kila upande kufuata dhahabu, na kila mmoja alikuja na maarifa yake. Machage wa Gorong'a alikaa pembeni, kahawa ikimpoa mkononi. Kuna jambo lilikuwa limemnyima usingizi tangu juzi. Akaona alitupe tu.

— Hivi kondomu inapasuka kwa sababu gani?

Faridu, mwenye duka aliyehamia kutoka Tarime mjini, waliyemwita Profesa kwa kuwa hajawahi kukosa jibu, aliweka kikombe chini.

— Ya kwako imepasuka?

— Mbili. Wiki moja.

— Mbili! Waitara alipiga paja. Mura, kijana, unachimba duara la dhahabu au unafanya nini?

Wakacheka. Machage alizungusha kikombe mkononi.

— Sababu ni moja, alisema Profesa. Zile zimetengenezwa kwa watu wa ofisini. Mtu anakaa kwenye kiti kutwa, nguvu ataitoa wapi? Wewe unapiga nyundo!

— Siyo nguvu, Waitara alipinga. Ni zebaki. Imejaa hewani hapa. Kama inakamata dhahabu, mpira itauacha?

— Basi avae mbili, alisema Profesa.

— Mbili hazitoshi! Duara likitaka kuporomoka, unaweka nguzo za matimba safu moja? Avae tatu.

— Si bora avae gambuti kabisa, alisema Mwajuma.

Benchi likatikisika kwa kicheko.

— Na ni dada wa baa gani anayekuvumilia hivyo? aliuliza Profesa.

— Ni mke wangu.

Kicheko kilikatika. Wote walimjua Gati. Miezi mitano iliyopita alipasuliwa ili mtoto atoke, akapoteza damu nyingi. Waitara ndiye aliyemkimbiza hospitali kwa pikapu yake, Profesa akatoa damu.

— Daktari alisema apumzike miaka miwili, Machage alieleza taratibu. Akishika mimba sasa, kovu linaweza kuachia. Sindano za uzazi wa mpango zilimsumbua, tukachukua kondomu. Sasa ndiyo hivyo.

Kwenye kiroba cha mawe alikuwa amekaa mama mgeni, akingoja zamu yake ya kusaga. Alijisogeza karibu.

— Shikamoo, mama, alisema Machage.

— Marahaba. Naitwa Robi. Kabla ya kuvaa, huwa unapaka kitu?

Machage alitazama chini.

— Mafuta ya mgando. Vumbi la hapa limetukausha.

— Nilimuuzia mimi, alisema Profesa kwa sauti ndogo. Kopo kubwa.

Waitara alisimama, akauelekea mkanda wa karasha.

— Machage, unakumbuka yule kibarua wangu Simoni alivyoupaka mkanda grisi ili uache kelele? Ulidumu siku ngapi?

— Nne. Ulilegea, halafu...

— Ukakatika, alisema Waitara. Mafuta yanakula mpira. Miaka yote nawafokea watu kwa ajili ya mkanda, sikuwaza kingine.

— Umefundisha vizuri, alisema Robi. Nilikuwa mhudumu wa zahanati kule Nyanungu. Mafuta ya mwili, ya kupikia, yote hapana. Ukitaka ulaini, zahanati wana vilainishi vya maji. Na vaa moja tu, mbili zinasuguana na kuchanika. Unaziweka wapi?

— Mfuko wa nyuma. Suruali ya kazi.

— Juani, pamoja na mawe! Ziweke nyumbani, mahali pa baridi. Soma tarehe. Fungua kwa vidole, siyo meno. Bana ile ncha unapoivingirisha, hewa isiingie, na uvae kabla hamjagusana hata kidogo. Ukimaliza, ishike shinani utoke kabla hujalegea. Kisha itupe kwenye choo cha shimo, usiirudie.

Profesa, ambaye hakuwahi kuandika neno la mtu mwingine, alikuwa akiandika kwenye boksi la sigara.

— Na hiyo ya mwisho ilipasuka lini?

— Juzi.

— Basi mpeleke leo hii. Kuna vidonge vya kuzuia mimba, ila havisubiri siku zipite.

Machage aliruka akasimama.

— Asante, mama. Waitara, asante tena.

— Mimi umenishukuru mpaka pikapu imechoka.

— Na aliyepasuliwa? aliuliza Robi. Yeye ulishamwambia asante?

Waitara aliinamia kahawa yake. Kalamu ya Profesa ilisimama. Mwajuma alishika birika akiwatazama wanaume hao mmoja baada ya mwingine.

— Tunangoja jibu lenu pia, alisema.

Machage alikuwa ameshaondoka, mbio.

Gati alikuwa akianika mtama, mtoto mgongoni. Alipomwona mumewe saa ile akashtuka.

— Duara limeanguka?

— Hapana. Vaa viatu twende zahanati, kuna dawa ya kuwahi. Nitakueleza njiani.

Alimfungulia kanga ya mgongoni, akampokea mtoto.

— Gati, asante.

— Ya nini?

Alimweka mtoto begani.

— Ya kutokufa.

Gati akainama kuvaa viatu, akakaa muda mrefu kwenye kile cha kwanza.